Shuka: kipimo cha dukani kilichohamia kitandani

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeuza matandiko sokoni Kibuye, Kisumu. Ameandika hivi, kwa ufupi: "Mwalimu, mteja wa Mombasa aliniomba shuka, nikamtolea ya kitanda, akasema anataka ya kujifunga kiunoni. Wa Nakuru naye akitaja shuka, anamaanisha ile nyekundu ya Wamaasai. Binti yangu anasema wameambiwa shuleni kwamba neno hili limetokana na kushuka, kwa sababu shuka huning'inia pembeni mwa kitanda. Ukweli ni upi? Na kwenye kibao changu niandike SHUKA au MASHUKA?"

Mama, wateja wako wote wawili wana haki, na wewe pia unayo. Maelezo ya shuleni ndiyo yaliyokwenda kombo. Neno hili halikuanzia kitandani, halikuanzia kwa Wamaasai, wala halina undugu na yule makanga anayekuhimiza mlangoni mwa matatu ushuke upesi. Lilianza kama kipimo: urefu maalumu wa nguo iliyokatwa kwenye jora. Kipande hicho watu wakakivaa mchana na kujifunika usiku. Kutandikwa juu ya godoro ni kazi kilichopewa baadaye.

Tuanze na asili. Kiarabu kina neno shuqqa, yaani kipande kirefu cha nguo. Mzizi wake ni herufi tatu, sh-q-q, zenye maana ya kupasua au kugawa. Kwa hiyo shuqqa ni kile kilichopasuliwa kutoka kwenye kitu kikubwa zaidi. Mwarabu wa leo hulitumia neno la mzizi huohuo, shaqqa, kwa nyumba ya kupanga ndani ya ghorofa, maana nayo ni kipande kilichomegwa kwenye jengo. Sauti zenyewe hazina utata. Ile q ya kooni huwa k ya kawaida ikiingia Kiswahili: qalam ikawa kalamu, qadhi akawa kadhi, daqiqa ikawa dakika. Konsonanti iliyorudufiwa hubaki moja: dukkan ikawa duka. Pitisha shuqqa kwenye njia hizo mbili, utapata shuka.

Mzizi huohuo umetupa na mashaka, kwa maana ya taabu, kutoka mashaqqa ya Kiarabu. Usiyachanganye na shaka la kutokuwa na hakika. Hilo linatoka kwenye mzizi mwingine, sh-k-k. Kwa hiyo anayesema ana mashaka ya mashuka anarudia mzizi mmoja mara mbili bila kujua.

Sasa hili la kushuka. Wengi huamini maneno mawili yanayofanana lazima yawe ndugu, na Kiswahili kimejaa mitego ya namna hiyo: kaa la moto na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa porini. Kitenzi shuka ni cha Kibantu na kina ukoo wake kamili: shusha, shukia, shushwa, mshuko. Kiswahili kikiunda nomino ya kitu kutokana na kitenzi, mara nyingi hubadilisha irabu ya mwisho kuwa o: piga huzaa pigo, tenda huzaa tendo, nena huzaa neno. Tungetarajia basi shuko, si shuka. Ila kipimo hiki peke yake hakitoshi, na mwalimu makini angekupinga kwa kukutajia kosa, ambalo ni nomino na kitenzi kwa umbo lilelile. Ndiyo maana lazima uangalie pia maana ya zamani, na hapo hoja ya kuning'inia huanguka yenyewe. Shuka lilikuwa likipimwa, likilipwa ushuru na kufungwa kiunoni na watu waliolala juu ya mkeka, ambao hauna pembe ya kuning'inizia chochote.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Wafanyabiashara wa pwani walipima nguo kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa, kama inchi 9. Shibiri 2 ni mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama inchi 18. Mikono 2 ni wari moja. Mikono 4 ni pima, na pima ya nguo ndiyo iliyoitwa shuka: inchi 72, yaani futi 6. Mashuka mawili yasiyokatwa katikati yalikuwa doti, mikono 8. Kutoka jora la wari 30 ulipata mashuka 15. Upana ulikuwa ule ule wa kitambaa kilivyotoka kiwandani, kwa kawaida wari moja hivi.

Ugomvi wa dukani ulianzia hapo mkononi. Kulikuwa na mkono kamili, unaofika ncha ya kidole, na mkono wa konde, unaoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Tofauti yao ni inchi 3 hadi 4. Zidisha kwa mikono 4 ya shuka moja, unakuta mnunuzi amepunjwa futi nzima au zaidi, na muuzaji anaapa kwamba amepima mikono minne kama walivyopatana. Jaribu sasa hivi kwa meza yako: pima ubao uleule kwa vidole vilivyonyooka, kisha kwa ngumi.

Nguo iliyopimwa hivyo katika karne ya 19 ilikuwa hasa merikani, pamba ngumu isiyopaushwa. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja mwaka 1837. Viwanda vya Massachusetts vikawa vinafumia soko la Afrika Mashariki kutoka mbali hivyo, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nazo nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Jina halikung'oka. Ukienda leo kwenye duka la vitambaa Nakuru au Kakamega ukaomba amerikani, utaletewa kitambaa kilekile cheupe kilichofifia, hata kama kimefumwa kwingine kabisa.

Bara, shuka lilikuwa pesa. Ushuru wa mtawala wa njiani, ulioitwa hongo, bei ya mbuzi, posho ya wapagazi, vyote vilihesabiwa kwa mashuka na doti. Mzigo wa nguo aliobeba mpagazi mmoja uliitwa mtumba, na wingi wake unaujua vizuri, kwa sababu ndio unaoufungua Kibuye. Huku magharibi misafara ya Waswahili ilikuwa ikifika Mumias kabla hata msafiri Mskoti Joseph Thomson hajapita hapo mwaka 1883. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, nguo ikawa inaletwa kwa behewa na kuuzwa kwa rupia, na shuka likaacha kazi ya kipimo na ya pesa. Kilichobaki ni kitu chenyewe: kipande cha nguo kisichoshonwa, kikubwa kiasi cha kumzunguka mtu.

Ushike huo ufafanuzi, maana wateja wako wote wanaingia ndani yake. Yule wa Mombasa anafuata matumizi ya kale: mwanamume hujifunga shuka kiunoni, sawa na kikoi, ila kikoi kina mistari na matamvua. Kwake la kitanda ni shuka la kutandika, na hulitaja kwa sifa hiyo ili lisichanganywe. Hata ile methali ya mtaani, kukumbuka shuka kumekucha, inasema habari ya nguo ya kujifunika, si ya kutandika. Anayelikumbuka alfajiri amekwisha kuumwa na baridi usiku kucha.

Huyo wa Nakuru naye ana sababu. Wamaasai walivaa ngozi kwanza, wakaingia kwenye pamba taratibu, na pamba hiyo waliipata kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiiita shuka. Kwa Kimaa yenyewe vazi hilo ni olkarasha. Kwa hiyo "shuka la Kimaasai" ni jina la Waswahili kwa nguo ya Wamaasai, na watalii wamelieneza likadhaniwa ni neno la Kimaa. Kuanzia Mai Mahiu hadi Nakuru, ambako jioni ni baridi, jina hilo limeimeza maana nyingine yote.

Kisumu shida ni nyingine. Kijaluo hakina sauti ya sh, ndiyo sababu shilingi ni siling, na mteja anaweza kukuambia anataka "suka". Kiswahili kwa bahati mbaya kina kusuka, na jirani yako wa kibanda cha nywele anaweza kumdaka mteja huyo kabla yako. Waganda nao hawana sh hiyo, na kwao shuka ni essuuka. Neno lilipita njia ileile ya misafara, likaacha sh yake mpakani.

Majirani wa shuka kitandani nao ni wageni kwa wingi, ingawa kitanda chenyewe ni cha nyumbani, kutokana na kutanda, kama ilivyo tandiko. Foronya ni fronha ya Kireno. Blanketi ni ya Kiingereza. Godoro linakaribiana sana na godadu la Kigujarati, ambalo ni tandiko lililojazwa pamba. Sitakaa hapo, kila moja lina safari yake.

Nirudi kwenye ile futi 6, kwa sababu inaeleza malalamiko utakayoyasikia mezani pako. Kitanda cha Kenya, kiwe 3 kwa 6 au 6 kwa 6, kina urefu wa futi 6: shuka moja la kale, bila inchi ya ziada. Ukilitandaza merikani la mikono 4 juu ya godoro, linafika mwisho wa kichwa na mwisho wa miguu na kukomea hapo. Hakuna cha kukunja chini, na upana wa wari moja haufuniki hata kitanda cha futi 3 na nusu. Lilitosha kumfunika mtu, halikutosha kufunika godoro. Shuka la leo ni nguo kubwa zaidi iliyorithi jina.

Na hapa ndipo wauzaji wanapojikoroga. Unaposema "shuka la 4 kwa 6", namba hizo si za shuka, ni za kitanda. Mteja mwenye futi ya kupimia atakunjua nguo yako, akute inchi 76 kwa 100, adhani ni la kitanda kikubwa na akudai ubadilishe. Hesabu ya kweli ni hii. Chukua upana wa godoro, ongeza unene wake mara mbili kwa ajili ya pande mbili, kisha inchi 6 kila upande za kukunja chini. Godoro la 4 kwa 6 lenye unene wa inchi 8: upana ni 48 na 16 na 12, jumla 76. Urefu ni 72 na 16 na 12, jumla 100. Ongeza inchi 2 za pindo kila njia. Godoro la 5 kwa 6 la unene huohuo linataka upana wa 88, na ukiongeza pindo unafika 90 kamili, ambao ni upana wa kawaida wa kitambaa cha mashuka. Fundi akikata kwa uangalifu kinatosha. La 6 kwa 6 linataka 100 kabla ya pindo, na kitambaa cha 90 hakifiki. Ama utafute kipana zaidi, ama uunge. Ukiunga, usiweke mshono katikati, utamsumbua mlalaji mgongoni. Weka kipande kidogo kila upande.

Wanaoshonesha pamba tupu hukosea jambo moja zaidi: wanakata kabla ya kufua. Pamba ambayo haijaoshwa inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5. Kwa urefu wa inchi 102 hiyo ni inchi 3 hadi 5, na ndizo zile zile zilizokuwa zikunjwe chini. Baada ya wiki mbili shuka linachomoka pembeni kila usiku, na lawama inakuja kwako.

Kwa mashuka ya mitumba yenye lastiki, soma lebo kwa sentimita. La Uingereza lililoandikwa "double" limekatwa kwa godoro la 135 kwa 190. Kitanda chetu cha 4 kwa 6 ni 122 kwa 183, kwa hiyo litalegea kama sentimita 13 kwa upana. Kwenye 5 kwa 6, ambayo ni 152, halitaingia hata ulivute na watu wawili. Lililoandikwa "king" ni 150 kwa 200: upana unakubali 5 kwa 6 yetu vizuri, lakini urefu unabaki na sentimita 17 za kujikunja miguuni. Mwambie mteja mapema. Wengi hawajali, wanazichomeka chini ya godoro.

Na mteja akiuliza kama lile jekundu la Kimaasai linafaa kutandikwa, mchomee uzi mmoja mbele yake. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Akriliki huyeyuka na kuganda kuwa tone gumu jeusi. Mengi ya sokoni ni akriliki au mchanganyiko. Yanafaa kujifunika ndani ya basi la usiku, lakini yakitandikwa huota vinundu mgongo unapoyasugua na hayafyonzi jasho, jambo ambalo Kisumu utalijua usiku wa kwanza.

Limebaki kibao. Kwa Kiswahili sanifu shuka huenda na li- na ya-: shuka hili limechanika, mashuka haya ni safi, kama duka na maduka, shati na mashati. Utasikia pia shuka hii na shuka hizi, wewe mwenyewe umeandika hivyo, na hakuna atakayekosa kukuelewa. Kinachokwaruza sikio ni kuchanganya, "hizi mashuka", ambayo huku kwetu imeenea mpaka kwenye orodha za shule za bweni. Kwa kibao, wingi ndio unaoonyesha kwamba una bidhaa ya kuchagua, na SHUKA peke yake kwa herufi kubwa ukingoni mwa barabara inaweza kusomwa na abiria kama amri. Andika MASHUKA YA KITANDA, ili wa Mombasa na wa Nakuru wajue kabla ya kusimama. Chini yake weka vipimo kwa jina la kitanda: KITANDA 3 KWA 6, 4 KWA 6, 5 KWA 6, 6 KWA 6. Kama una ya kujifunga na ya Kimaasai, yape mstari wake. Na jirani wa nywele akikubali, mwombe kibao chake kiandikwe TUNASUKA, si SUKA.